Saa thelathini na nane chini ya chupa ya chai

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, umande bado umelala juu ya mabawa. Msichana mfupi aliyevaa ovaroli ya bluu, miguu ya suruali imekunjwa mara tatu, anapiga magoti chini ya ndege ndogo ya injini moja. Anabonyeza vali iliyo chini ya bawa. Mafuta kidogo yanatiririka ndani ya kichupa cha plastiki.

Anakiinua kichupa kwenye mwanga na kukitazama bila kupepesa. Kwa wanaopita inaonekana kama anapoteza muda.

“Natafuta maji,” anasema. “Jana niliiosha hii. Maji yakipenya kwenye tangi yanakaa chini kabisa, na ndiko injini inakonyonya. Ukiwa na haraka huyaoni. Unayaacha yatulie, ndipo yanajionyesha.”

Hakuna maji. Anamwaga mafuta kwenye dumu la taka, anachukua ndoo, anahamia ndege ya pili.

Ana miaka ishirini na mitano. Kazi yake katika uwanja huu mdogo wa ndege, pembeni mwa mji, ni kuosha ndege za watu. Hapokei mshahara. Akiosha ndege tisa, shule ya urubani iliyo hapo uwanjani inampa saa moja ya kuruka na mwalimu. Ndoo tisa, kupanda ngazi mara tisa, mgongo mmoja. Saa moja hewani.

Wenzake wanamwita Kapteni Mto. Ni kwa sababu ya mto wa ngozi nyeusi anaotembea nao kwapani kila aendako. Bila huo haoni mbele ya ndege. Macho yake yanaishia kwenye mishale ya dashibodi. Chuo kikuu pia anaukalia, kwa kuwa hana pa kuuacha, na ukumbi mzima wa mihadhara ulishacheka ukachoka.

Maana huyu muosha ndege ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shahada ya sayansi ya anga. Au tuseme alikuwa awe amemaliza. Hapo ndipo wakubwa wanapoingia.

Miaka minne iliyopita, chuo kikuu na shule ya urubani walitia saini mpango wa pamoja. Mwanafunzi angesoma shahada huku akijifunza urubani, na siku ya mahafali angechukua vyote viwili. Utepe ulikatwa. Picha zilipigwa, watu wa tai wameshikana mikono na kuchekea kamera. Hakuna hata mmoja wao aliyekaa chini kupanga ratiba.

Shule ya urubani inabandika zamu za kuruka jioni ya kuamkia siku yenyewe, kwa kuwa inategemea hali ya hewa. Chuo kinaita majina darasani na anayekosa mara nne anafutwa kwenye somo. Binti akawa anakimbia kati ya huku na huku kama mtu mwenye wagonjwa wawili. Mtihani wa takwimu aliufanya akiwa na ovaroli, na msimamizi akamhamishia dirishani kwa sababu alinuka mafuta. Alipata alama ya pili kwa ukubwa darasani.

Ada ya chuo inatoka kwenye cherehani ya baba yake, fundi wa kushona viti vya magari. Kibanda chake kina upana wa milango miwili, na sponji zimejaa hadi darini. Ndiye aliyeushona ule mto.

“Ngozi ilibaki kwenye kiti cha mteja,” anasema mzee huyo bila kuinua macho kwenye sindano. “Sponji niliitoa kwenye mto wa mama yake. Ulikuwa umekaa tu pale kitandani.”

Mama huyo alifariki binti akiwa na miaka kumi na mitano. Alilazwa wodini akisubiri barua ya kuhamishiwa hospitali kubwa. Barua ilikuwa imeshaandikwa, imekosa sahihi moja tu, na mwenye sahihi alikuwa kwenye semina. Alirudi siku ya tatu. Mgonjwa alikuwa ameondoka siku ya pili.

Mzee hakuwahi kuoa tena. Anasema watu walimshauri, akawasikiliza, wakanywa chai yake wakaenda.

Shahada ile inataka leseni, na leseni inataka saa mia moja na hamsini za kuruka. Kila saa inaandikwa kwenye daftari la rubani: tarehe, ndege, muda, na mwisho wa mstari sahihi ya mwalimu aliyekuwa naye. Kufikia mwezi wa saba mwaka jana, binti alikuwa na saa mia moja arobaini na mbili. Zilibaki nane. Ndege sabini na mbili za kuosha, basi. Baba mtu alishakwenda kuulizia bei ya kukodi joho.

Jumamosi moja alitumwa kufuta vioo vya ofisi ya mkuu wa mafunzo. Ukutani kulikuwa na vyeti vya walimu vimewekwa kwenye fremu. Akipitisha kitambaa juu ya kibali cha mwalimu wake, macho yakaangukia tarehe. Kibali kilikuwa kimekwisha mwezi wa tatu.

Alimfuata mwalimu wake nje. Huyu ni mzee wa miaka sitini na moja, amefundisha watu kuruka tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na ana mazoea ya kumwita kila mwanafunzi mjukuu. Alicheka. Akamwambia kile cha ukutani ni cha zamani. Fomu za kipya alizijaza mwezi wa pili, zipo ofisini, asijitafutie presha.

Zilikuwepo kweli. Binti aliporudi kufuta meza aliinua chupa ya chai ya mkuu wa mafunzo, na chini yake kulikuwa na bahasha. Fomu zilikuwa ndani, zimejazwa vizuri, picha mbili zimebanwa kwa pini. Zilikosa sahihi na muhuri wa mkuu. Juu ya bahasha kulikuwa na duara za chai, moja juu ya nyingine. Kwa miezi mitano ile bahasha ilikuwa kisahani.

“Niliganda,” anasema binti. “Nilihesabu kichwani. Tangu mwezi wa tatu nilikuwa nimeruka naye saa thelathini na nane. Kwa sheria, saa iliyosainiwa na mwalimu asiye na kibali haipo. Ndege ilipaa, mimi nilikuwa ndani, mafuta yaliungua. Karatasi inasema hatukwenda popote.”

Angeweza kurudisha chupa mahali pake. Wengi wangerudisha. Hakuna aliyekuwa akimkagua.

Jumatatu yake alimweleza mkuu wa mafunzo. Bwana huyo hakukasirika, na pengine hilo ndilo baya zaidi. Alimkaribisha kiti, akamwita binti yangu, akamwambia karatasi itapigwa muhuri leo kwa tarehe ya mwezi wa tatu na kila mtu ataenda kwao salama. Wanafunzi wengine watano waliokuwa na saa za mwalimu huyohuyo walishaambiwa, na walishaitikia.

“Nikamwambia, sawa, naomba aniandikie hayo kwa mkono wake,” anasimulia binti. “Alifunika kalamu yake. Kisha akaniambia niendelee kufuta vioo.”

Kwenye daftari la rubani hakuna kufuta wala kupaka rangi nyeupe. Ukikosea, unapiga mstari mmoja mwembamba juu ya maandishi, ili yeyote ajaye asome kilichokuwepo, kisha unaweka sahihi pembeni. Hilo hufundishwa wiki ya kwanza, kabla hata ya kugusa ndege.

Binti alichukua rula. Alipiga mistari ishirini na tisa, mmoja kwa kila safari. Mwalimu wake alitia sahihi pembeni ya kila mmoja. Mia moja arobaini na mbili zikawa mia moja na nne.

Kisha akaandika barua mbili, moja kwa mamlaka ya anga, nyingine chuoni.

Sasa msomaji utadhani mambo yalinyooka. Mamlaka ilimsimamisha mwalimu mzee, kwa kuwa jina lake ndilo lililokuwa kwenye kibali. Chuo kilijibu kwa mistari mitatu kwamba suala la saa ni la shule ya urubani. Shule ikajibu kwamba suala la shahada ni la chuo. Wale watano walivaa majoho mwezi wa kumi na moja. Na mkuu wa mafunzo, aliyekunywa chai juu ya bahasha ile, alipandishwa cheo. Leo ni mratibu wa ubora.

Alipopigiwa simu kuhusu makala haya, alisema hayo ni mambo ya ndani na kwamba mwanafunzi alichagua mwenyewe. Alisema hivyo mara mbili, kisha akadai mtandao unakatika.

Katika hilo la kuchagua, kuna jirani mmoja anayekubaliana naye. Ni mwenye duka mkabala na kibanda cha fundi. Humwambia mzee waziwazi kwamba kasomesha mtoto mpaka mtoto kapata akili ya kujinyima. Mzee humjibu kwamba heri huyo, watoto wa mwenye duka hawajapata akili yoyote. Kisha wanacheka, na mzee anarudi kwenye sindano.

Lakini jioni ile binti alipoleta habari, mzee hakucheka. Aliuliza swali moja tu: zile fomu zilikaa muda gani? Alipoambiwa miezi mitano, aliinuka akaenda kuzima taa ya cherehani.

“Mama yake naye alikuwa anasubiri sahihi,” anasema. “Nilimwambia binti yangu, mama, sikuulizi kwa nini. Niambie tu ni ndege ngapi.”

Zilikuwa mia tatu arobaini na mbili kwa zile saa zilizofutwa pekee.

Tatizo sasa ni muda. Mitihani ya nadharia ya urubani, ambayo alifaulu yote tisa, ina uhai wake. Ya binti huyu itakufa baada ya miezi mitano. Asipofikisha saa kabla ya hapo, atarudia yote, na shahada itasubiri mwaka mwingine. Mpaka wiki hii amekwisha kuruka saa nyingine kumi na moja na mwalimu mpya. Ana mia moja na kumi na tano. Zimebaki thelathini na tano, yaani ndege mia tatu na kumi na tano, zaidi ya mbili kila siku ya Mungu, mvua ikinyesha au isinyeshe.

Vidole vyake vimepasuka kwa sabuni. Anavifunga kwa plasta na kuendelea.

Mwalimu mzee huja Jumamosi. Hana ruhusa ya kuingia kwenye ndege, basi anageuza ndoo tupu, anaikalia, na kumuuliza maswali binti akiwa juu ya ngazi. Injini ikizima ghafla unafanya nini, mjukuu? Anajibu huku akisugua. Akikosea, mzee hugonga ndoo kwa fimbo. Hawalipani chochote. Kibali chake bado hakijarudi. Anaambiwa faili lipo mezani kwa mtu.

Saa nne kasoro, ndege ya tisa ya wiki hii inameremeta. Binti anavua glavu, anakinga mafuta kwenye kichupa kwa mara ya mwisho, anatazama, anasubiri. Kisha anaweka mto wake kwenye kiti cha kushoto, anapanda, anafunga mkanda.

Kabla mwalimu mpya hajafika, anaulizwa atakwenda kurusha ndege gani akishapata vyote viwili, leseni na shahada. Wenzake wale watano wanaota ndege kubwa za abiria, na mmoja amekwisha kuvaa kofia ya rubani.

Anaweka mikono juu ya usukani.

“Mimi nataka kuwa mkaguzi,” anasema. “Yule anayekuja bila kupiga simu. Naingia ofisini, nasalimia vizuri, halafu nainua chupa ya chai.”