Mji Unaouliza Kama Umepanda

Ikifika Oktoba, katika mji wetu mdogo ulio kando ya barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui, watu huacha kujuliana hali. Huulizana kama wamepanda. Nilishuka kwenye gari mbele ya duka la nafaka, na kabla sijanyoosha mgongo, mwenye duka, aliyekuwa amekalia gunia la ndengu, akaniuliza kama sisi tumepanda. Nikasema ndiyo kwanza nafika. Fundi wa pikipiki naye akauliza. Mama wa chai akauliza, nami nikamrudishia swali. Akasema bado anaangalia. Mji mzima ulikuwa ukiangalia. Kila mtu alitaka kujua mwenzake amefanya nini, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Nilijisikia nyumbani. Mimi huishi kwa kuandika makala, na kipaji changu, kama ninacho, ni kulizunguka jambo kurasa nyingi bila kuamua lolote.

Nilikuwa nimekuja kumwona shemeji, mjane wa kaka yangu. Kaka alifariki mwanzoni mwa mwaka. Mvua za Machi zilipoanza, shemeji alipanda peke yake. Zikanyesha kidogo, zikakatika, mbegu zikachipua na kuchomwa na jua. Sasa nilimkuta nje ya jikoni akipepeta majivu aliyokuwa amehifadhia mbegu zilizobaki, ndengu na mahindi. Zilikuwa za mwisho. Jirani alikuwa amefika na ng'ombe wake wa kulima, na tungekuwa nao siku hiyo tu. Kesho yake walikuwa wameahidiwa watu wengine, na zamu yetu ingerudi wakati mvua, kama ingekuja, imeshakwenda mbali.

Tukipanda kwenye vumbi na mvua ichelewe, mbegu zingeliwa na wadudu. Tukingoja, ndengu zisingepata maji ya kutosha kukomaa.

"Shemeji," akaniuliza, "wewe unasema aje?"

Nikaanza kueleza. Nilieleza hatari za upande huu, kisha faida za upande ule. Alinisikiliza kama mtu anayengoja tangazo la biashara liishe redioni.

"Sijakuuliza hiyo. Tupande ama tusipande?"

"Na nikikosea?"

Akaweka ungo chini.

"Ndugu yako alikuwa anakosea kila wakati. Tulikuwa tunagombana mpaka mavuno. Sasa hii ya Machi ilipochomeka, nilikuwa na nani wa kugombana naye? Nilikaa hapo mlangoni nikajigombeza mwenyewe. Hiyo siwezi tena."

Jirani alikuwa ameinama akifunga nira, akijifanya hasikii. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Profesa, amua. Hawa ng'ombe hawajakuja mkutano."

Mimi si profesa, na yeye anajua. Nilitazama mawingu upande wa Mwala. Yalikuwa yamekaa vilevile tangu asubuhi. Nikatazama simu. Ilisema mvua inawezekana, sentensi ambayo ningeweza kuiandika mimi mwenyewe.

Nikasema tupande.

"Sema na sauti," shemeji akasema. "Huyu asikie."

Nikasema tena, kwa sauti. Jirani akaguna, akawapigia ng'ombe mluzi. Nikafuata nyuma ya jembe nikidondosha mbegu kwenye mfereji, viatu vyangu vya mjini vikijaa mchanga, na shemeji akinifuata akizifukia kwa mguu na kuninung'unikia kwamba nazirundika.

Jioni tulipokwenda kununua sukari, habari ilikuwa imeshafika barabarani. Mwenye duka la nafaka alitaka kujua ni nani aliyesema tupande. Shemeji akanionyesha kwa kidevu. Yule mzee akanitazama kwa heshima iliyonitia baridi: mtu ametoka Nairobi, amesoma, lazima ana jambo analolijua. Nilijaribu kumweleza kwamba sijui chochote, lakini tayari alikuwa akimwita mkewe alete jembe. Asubuhi, nikiondoka, niliona vumbi la ng'ombe wa kulima pande zote mbili za barabara, nikainamisha kichwa kwenye kiti changu.

Mvua ilichelewa. Huku Syokimau ninakoishi, pembeni mwa Nairobi, nilikuwa nikiamka na kwenda dirishani kabla ya kuvaa miwani. Ilipokuja, ilikuja kwa nguvu, na siku chache baadaye shemeji akanipigia. Hakusalimu. Ndengu zimetoka vizuri, akasema, lakini mahindi ya upande wa chini hayajatoka hata nusu, kwa sababu kuna mtu aliyaweka juujuu kama anayelisha kuku, na kanga wakayafukua.

Nikasema kosa ni la jembe la jirani.

"Hata ndugu yako alikuwa analaumu jembe," akasema, na sauti yake ikapanda. Nikavuta kiti nikakaa, maana nilisikia bado ana mengi.