Siku Tulipoazima Sebule ya Watu

Nikikumbuka siku ile natamani kujifunika kitenge usoni hata nikiwa peke yangu chumbani, maana hakuna mtu mtaani kwetu hapa Goma ambaye hakuisikia, na wengine wanaisimulia kwa madoido kuliko mimi (wanaongeza hata mbuzi, mbuzi hakuwepo). Basi acheni niwaambie mwenyewe, ingawa nawaonya mapema kwamba mpaka leo sijaielewa yote.

Mimi ni Furaha, fundi wa kushona. Miguu yangu iligoma tangu utotoni kwa sababu ya polio, kwa hiyo barabarani natumia baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono, na ndani ya nyumba nilikuwa natambaa, kandambili nimezivaa viganjani. Nilikuwa naishi na dada yangu mkubwa, Yaya Esperansi, katika nyumba ya mbao aliyoijenga juu ya lava iliyopoa, baada ya nyumba ya kwanza kuungua. Mlango ulikuwa juu, chini yake mawe meusi yanayokata, na baiskeli ililala kwa jirani kando ya barabara kwa kuwa haikuweza kufika kwetu. Siku mlima ulipotapika, shemeji alinipakia kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, juu ya magodoro akanisukuma mbio mpaka tukapona. Lakini waasi walipokuja na vita vyao shemeji alikimbilia Butembo na hakurudi tena, na tangu hapo kila ardhi ilipotikisika nilijiuliza jambo moja tu: safari hii nani atanibeba?

Ndiyo maana niliposikia kwamba chama cha walemavu kimejenga nyumba ya pamoja, vyumba vya chini vyenye milango mipana, njia ya saruji mpaka barabarani na mama mmoja wa kumsaidia anayehitaji msaada, nilikwenda kuomba chumba. Sikuwa nataka anasa jamani, nilitaka mlango ninaoweza kutokea mwenyewe. Wakaniambia watakuja kwanza nyumbani waone ninavyoishi.

Yaya hakuipenda habari hiyo hata kidogo. Alikaa karibu na mbabula, jiko letu, anapepea makaa yaliyokwisha kuwaka, kisha akasema, "Batu batasema nini, Furaha? Batasema Esperansi ameshindwa kuchunga mudogo wake." Nikamwonea huruma. Nami, ili kumtuliza tu, nikatamka neno dogo lililoniponza: "Basi tuazime kiti moja, mugeni asikae chini."

Kiti kimoja! Mama Nyota wa nyumba ya pili akasema kiti kimoja ni aibu, akatoa fotei zake zote, vile viti vya sofa, pamoja na vitambaa vya kufuma, mwingine akaona fotei bila kapeti hazipendezi akaleta kapeti, wa tatu akaleta televisheni (umeme hatukuwa nao, ikakaa tu pale inatutazama), na Papa Kambale seremala, ambaye hapendi kupitwa na jambo, akatandika mbao zake mpya juu ya mawe kutoka barabarani mpaka mlangoni, "juu bageni basivunjike miguu." Mimi nikavishwa nguo ya kanisani, nikanyanyuliwa, nikawekwa kwenye fotei kama bibi harusi, na kandambili zangu za mikono Yaya akazisukumia chini ya kitanda. Nikaitazama ile sebule nikachanganyikiwa kabisa: hivi mimi nilikuwa naomba kuhama nyumba nzuri hivi kwa sababu gani?

Wageni walikuwa wawili, mama mmoja wa ofisi mwenye viatu virefu na Prezida wa chama, mzee anayetembea kwa magongo. Walipanda juu ya mbao za Papa Kambale bila taabu, wakakaa, wakanywa fanta. Mama wa ofisi akageuza shingo huku na huku. "Lakini hapa iko bien sana! Njia iko, salon iko... Furaha, unatokaka namna gani?"

Nikafungua mdomo. Yaya akanitangulia: "Anatokaka bila shida, mama. Hapa hakosake kitu."

Nikamtazama Yaya, naye macho yake yakaniomba nisimwaibishe mbele ya watu, nikafunga mdomo. Chumba changu nikakiona kinakwenda hivi hivi, na mwenye kukipeleka ni mimi, nimenyamaza na fanta mkononi.

Ndipo tukasikia kishindo. Bati zikatetemeka. Nje mtu akapiga kelele, "Volkano!" na mwingine, "Masasi! Baasi baliingia!" yaani risasi, waasi wameingia, na hapo mtaa mzima ukachanganyikiwa, kwa sababu volkano inakimbiwa huku na waasi wanakimbiwa kule, kwa hiyo nusu ya watu walikuwa wanapanda na nusu wanashuka, wanagongana, magodoro kichwani, kila mmoja anamwambia mwenzake amekosea njia.

Na kwetu, wenye vitu wakaja kuchukua vitu vyao. (Msiwalaumu. Mtu aliyewahi kuunguliwa na kila kitu hasahau tena.) Mama Nyota aliingia na mumewe wakamwendea Prezida: "Pardon, papa." Wakamshika kwapani, wakamkalisha chini taratibu kwa heshima zote, wakampa na magongo yake mkononi, wakaondoka na fotei. Kisha wakarudi kwangu: "Furaha, nyanyuka kidogo." Ninyanyuke na nini? Wakainamisha kiti, nikamwagika kama viazi. Aliyeleta kapeti akaivuta tukiwa bado juu yake. Nje nilisikia Papa Kambale akikusanya mbao zake, ko, ko, ko. Mama wa ofisi alikuwa ameshatoka zamani, viatu mkononi. Naye dada yangu, Yaya wangu aliyenilea, akaikumbatia ile televisheni akipiga kelele, "Kitu ya batu! Kitu ya batu!" akaruka mawe, akapotea.

Tukabaki wawili sakafuni, mimi na Prezida, katika chumba kitupu.

"Bote balienda?" akauliza.

"Bote, papa."

Akajiburuta mpaka mlangoni, akachungulia mawe, akanigeukia. "Sasa unijibu weye mwenyewe. Unatokaka namna gani?"

Nikatambaa mpaka chini ya kitanda, nikatoa kandambili, nikazivaa mikononi, nikamwonyesha. Nilishuka yale mawe na nguo yangu ya kanisani, nikachanika goti na kiwiko, naye akatupa magongo yake mbele akanifuata kwa makalio, tukafika barabarani tumejaa vumbi, tukakaa hapo katikati ya watu wanaopanda na wanaoshuka, hatujui tukimbilie wapi. Hakuna lava iliyokuja. Hakuna waasi waliokuja. Kishindo kilikuwa cha nini sijaambiwa mpaka leo. Watu walianza kurudi polepole wakijifanya walikuwa na safari zao, wakatukuta tumekaa vile, mzee mzima na fundi wao wa kushona, na kicheko kilichoanza hapo hakijaisha.

Yaya alirudi wa mwisho, televisheni bado mikononi, akilia machozi. Aliponiona akasimama. "Furaha," akasema, "nilizani uko nyuma yangu."

Nililia na mimi, kisha nikacheka, kisha sikujua tena ni kipi nilikuwa nafanya.

Chumba nilikipata. Yaya huja kila Jumapili, analalamika kwamba sahani zangu ni chache, na nampenda vilevile. Juzi ardhi ilitikisika, nikatoka mwenyewe kwa njia ya saruji mpaka barabarani kabla ya wote, moyo umejaa fahari, na mara nikajikuta namtafuta dada yangu kwa macho, nikiogopa kwamba huko kwake hajatoka.

Lakini nimeapa. Mtu yeyote akija tena kuuliza Furaha anaishi vipi, awe wa chama, wa serikali au wa kanisa, nitamjibu mimi, kwa mdomo wangu, kabla Yaya hajakwenda kuazima kiti.