Wateja Niliowarudisha Mlangoni

Nimekaa eda, mwezi wa pili sasa, katika chumba kile kile alichokaa mume wangu baada ya kupata kiharusi. Dirisha ni moja, linatazama ukuta wa jirani. Yeye aliutazama ukuta huo miezi minane.

Alikuwa fundi wa kanzu hapa Dunda. Mikono ilimrudia, mguu wa kulia ukagoma. Dada mmoja wa mazoezi ya viungo hospitalini alimfundisha kusukuma cherehani kwa mguu wa kushoto, kisha akaniambia, "Mama, sasa mwache afanye kazi. Akikaa tu, atarudi nyuma." Nikaitikia.

Lakini aliwahi kuanguka uani nikiwa sokoni, na hofu ile haikunitoka. Mteja akija na kitambaa, nilimuwahi mlangoni: "Bado hajaweza. Mpelekee fundi mwingine." Mume wangu sikumwambia. Watu wa mtaani ni waungwana. Waliacha kuleta vitambaa, wakaleta machungwa na dua.

"Shikamoo, fundi. Unaendeleaje?"

"Marahaba. Machungwa yamejaa ndoo. Nileteeni suruali iliyochanika!"

Walicheka, wakaniangalia mimi.

Siku moja aliniuliza taratibu, "Mke wangu, watu wa mji huu wameanza kwenda uchi?"

Nikajua kwamba anajua. Ningeweza kupita nyumba kwa nyumba kusema nilikosea. Niliona haya. Nilikwenda kwa wifi yangu tu, dada yake, nikamwomba chochote cha kushona.

"Si ulisema hawezi?"

"Daktari ndiye aliyesema," nikajibu. Nilidanganya.

Alinipa kitambaa cha pazia. Mume wangu alijivuta hadi kwenye cherehani, akavaa miwani, akapima mara mbili, akashika chaki.

"Dada yangu analitaka lini?"

"Wakati wowote. Hana haraka."

Mkono wenye chaki ukasimama.

"Maisha yangu yote watu wamenigombeza kwa ajili ya siku," alisema. "Harusi kesho, kanzu iko wapi, fundi muongo wewe! Huyu hataki pazia. Umemwomba."

Alikikunja kitambaa kona kwa kona, akanipa.

"Mrudishie dada yangu. Mwambie nashukuru."

Nilikirudisha jioni ile ile. Mume wangu hakuulizia kazi tena hadi alipofariki, na mimi sikumfuata mteja hata mmoja kumwambia ukweli.