Kila Mtu na Elfu Yake

Hakuna aliyewahi kumsikia mama wa seva, mtunza mashine wa ofisi, akisema asante anaporudisha pembe ya tereré, ile chai baridi ya majani wanayonywa kwa zamu kwa mrija. Mjini Asunción ukirudisha pembe kwa kusema asante, maana yake umetosheka, hujaziwi tena. Yeye huirudisha kimya, jicho kwenye mchoro wa kumbukumbu ya mashine, kidole gumba kikisugua kifundo cha mkono kinachomuuma. Asubuhi hiyo Librada wa meza ya pili, ambaye ndiye mjazaji wa pembe, alikuwa ameiangusha seva mara ya tatu. Programu yake ilivuta rekodi milioni nane za chanjo kwa mkupuo, na zahanati za mbali huko Chaco zilikuwa zikingoja majina ya watoto ambao hawajachanjwa.

“Binti yangu, wewe jagi zima hulinywa kwa pumzi moja?” mama aliuliza kwa sauti yake iliyochoka kabla ya siku kuanza. Akaiandika programu upya: vibarua wanne ndani ya mashine, kila mmoja rekodi elfu moja, na asiyemaliza zake haongezwi. Mchoro ukatulia. Kufikia saa saba mchana orodha ilikuwa imekwenda zahanati.

Bwana Cirilo, mkuu wa ofisi, akachungulia mlangoni. “Umetuokoa, mama! Kesho sasa tumalizie zile rekodi za miaka ishirini iliyopita, au vipi?”

Mama alinyonya mpaka mrija ukakoroma, akampa Librada pembe.

“Asante,” akasema.

Librada akabaki na jagi mkononi.