Msanifu Aliyerudi Kukagua Paa Zake

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, na ambayo ningefurahi kuisahau, ilikuwa Jumamosi moja ya mwaka 2009, mtaani Yeoville. Usinicheke nikijiita mzee. Nywele zimeacha kunitii, na mgongo pia. Wakati huo nilikuwa kijana wa Kikenya mwenye kazi katika ofisi ya wasanifu majengo hapa Johannesburg, naishi mtaa wa Observatory, najiona kana kwamba mimi ndiye niliyebuni tofali.

Siku hiyo nilikwenda kumwonyesha Papa Ilunga picha za paa langu la kwanza. Alikuwa mzee wa Bukavu, Kongo, mchoraji ramani wa zamani, aliyekuwa akishinda katika saluni ya binti yake. Paa lenyewe lilikuwa la kanisa la Warundi kule Jeppestown, karakana kuukuu waliyoigeuza nyumba ya ibada, pamoja na chumba cha kulelea watoto wao siku za kazi. Niliwachorea paa la kisasa, bapa kama meza, na gata, ule mfereji wa maji ya paa, nikaificha nyuma ya ukuta mfupi ili isionekane kutoka barabarani. Katika picha lilipendeza kweli.

Papa Ilunga alitazama, akatoa albamu. Aliachiwa na padri wa Kanada aliyemfundisha kuchora, na ndani yake mlikuwa na kazi za msanifu mmoja wa huko Kanada, upande wanakozungumza Kifaransa, aliyejenga mwanzoni mwa karne ya ishirini. Alikuwa mwana wa seremala, chuo hakukiona. Alijifunza kwa kunakili ramani za wengine mpaka akafungua ofisi yake. Makanisa ya mawe ya vijijini, shule za watawa, hospitali moja, halafu makanisa tena. Nilipekua, nikachoka, nikasema mtu huyu alijenga kanisa moja maisha yake yote.

Mzee alinuna. Akanirudisha ukurasa wa kwanza, akaweka kidole kwenye ukingo wa paa. Padri alimsimulia kwamba msanifu yule alikuwa na desturi: theluji ya mwaka wa kwanza ikishayeyuka, alipanda treni kurudi kwenye kila kanisa alilojenga, bila kuitwa. Hakuanza kwa paroko. Alimtafuta anayefagia, kwa sababu mfagiaji ndiye anayejua maji yanaingilia wapi. Alichoambiwa alikitia katika kanisa lililofuata. Na kweli, nilipotazama vizuri, ukingo wa paa ulikuwa ukisogea nje kidogo, kanisa baada ya kanisa, mteremko ukizidi kuwa mkali, na gata za kuficha, ambazo hata yeye alianza nazo, zikatoweka.

"Ile kanisa yako," akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Kivu, "ulishakaa ndani yake siku mvua inanyesha? Kama hapana, haujamaliza kujenga."

Nikamjibu kwamba Johannesburg hakuna theluji. Kwa mdomo huu huu, mwanangu. Hata leo nikikumbuka natamani kujizaba kofi. Akaniagiza niende Jumatatu nimwulize anayefagia. Nikaitikia sharp, sharp, yaani sawa sawa kwa lugha ya mtaani hapa, nikaondoka.

Sikwenda. Wala si kwamba sikuitwa. Mama Odette, Mrundi aliyelea watoto na kufagia pale, alikuwa amenipigia mara mbili kuhusu doa kwenye dari, nami nikamwambia ni rangi mbichi. Usipoziba ufa utajenga ukuta: methali hiyo niliiandikia insha shuleni nikapata alama nzuri, lakini ufa wenyewe uliponipigia simu sikuutambua.

Wiki mbili baadaye ikashuka mvua ya mawe ya alasiri, ile ya hapa inayobonda magari. Barafu ikajaa kwenye gata yangu ya siri, ikaziba matundu, maji yakakosa njia yakageukia ndani. Mama Odette, ambaye hakuiamini tena dari ile, alikuwa ameshaanza kuwatoa watoto. Wote walitoka wazima. Wa mwisho alimsukuma mlangoni, na dari ikamwangukia yeye begani.

Nilimkuta hospitalini, mkono umefungwa. Nilikuwa nimejiandaa kueleza habari za barafu. Hakunipa nafasi.

"Sikukuita ujenge upya," akasema. "Nilikuita uje utazame."

Paa nililijenga upya, lenye mteremko, gata ikawa nje. Bega lake halikupona sawasawa. Hakuweza tena kumbeba mtoto kwa mkono ule, na kubeba watoto ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Ndiyo maana nakasirika nikikuona umekabidhi funguo za jengo ulilochora, umepiga picha, umeirusha mtandaoni, halafu simu ya mwenye nyumba inaita nawe umeilaza kifudifudi mezani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nimelisema hili mpaka koo limekauka, na nalisema tena: rudi. Rudi mvua inaponyesha, usingoje ikatike. Mwulize anayefagia kabla ya mwenyekiti. Akikuonyesha doa, usimfundishe habari za rangi. Panda juu uangalie. Na usione haya kujenga kitu kile kile mara ya pili, kikiwa bora.

Mungu akupe kazi nyingi, mwanangu, na miguu ya kuzirudia, na akuepushe kumtembelea hospitalini mtu aliyekupigia simu mara mbili.