Mwalimu Zablon na ile bila kwa bila ya Karungu

Message ya Mama Akinyi nimeisoma mara nne tangu asubuhi. Kila mara natafuta mahali ameandika kwamba ni Zablon mwingine. Hakuna. Ni wetu, mume wake mwenyewe. Mwalimu Zablon ametuacha, jamani.

Wajukuu wameniambia nikiandika hapa watu wengi watasoma. Basi ngoja niwaambie alikuwa nani, maana nikimkumbuka machozi yanakuja, lakini kicheko kinatangulia.

Miaka ya sitini, Uhuru ukiwa bado mbichi, nilipata posting yangu ya kwanza, shule ya msingi karibu na Uriri. Nilitoka kwetu Homa Bay na sanduku la bati na medali mbili za mbio za college. Meza yangu ikawekwa kando ya meza ya Zablon.

Jumatatu ya kwanza akaniuliza, "Nyar Homa Bay, jana ulikuja kuona mechi?" Nyar Homa Bay, yaani binti wa Homa Bay. Hakuwahi kuniita jina lingine mpaka kufa kwake.

Nikamwambia nilikuja, nikasinzia.

Woi! Staffroom nzima iligeuka. Zablon alishika kifua kama mtu aliyechomwa mkuki.

"Dakika tisini," nikasema, "wanaume ishirini na wawili wazima, halafu mnaniambia bila kwa bila? Kwenye mbio filimbi inalia, watu wanakimbia, mmoja anashinda, tunaenda kunywa chai."

"Na ukishaona nani yuko mbele mzunguko wa pili, unangoja nini tena?" akanijibu. "Kwa mpira mtu anaweza kukulemea siku nzima, na dakika ya mwisho ukampata."

Tulibishana hivyo kila Jumatatu. Hakuna aliyeshinda.

Sasa ile mechi ya Karungu. Walimu wetu walikuwa wacheze na wavuvi wa Karungu, kule kando ya ziwa. Ilipangwa Jumapili kwa sababu Zablon alikuwa Msabato, na Jumamosi hangegusa mpira hata ungemwekea miguuni mbele ya goli tupu. Tulienda kwa lori. Mimi nilifuata samaki tu, sitaficha.

Kufika, mshika kibendera mmoja hakuja. Karungu wakakataa mtu wa Uriri, Uriri wakakataa mtu wa Karungu. Kelele! Mwishowe Zablon akanyoosha kidole kwangu. Nilikuwa nimeupa uwanja mgongo, nafuma sweta.

Kapteni wa wavuvi, Ombogo, mwanaume mwenye mabega kama mlango, akanijia. "Madam, unapenda mpira?"

"Hapana. Unanichosha."

Akageukia watu wake: "Huyu ndiye! Mpeni kibendera!"

Zablon alinifundisha kazi kwa dakika mbili. "Angalia laini tu. Mpira wote ukivuka, inua. Usimwangalie mtu usoni." Laini zenyewe zilikuwa za majivu.

Watu walicheka, mwanamke na kibendera. Nikavua viatu. Mpira ulipoenda nilikimbia nao, na punde si punde hakuna aliyecheka, maana refa mwenyewe alikuwa anahema nyuma yangu.

Na kusinzia? Hata kidogo. Kutoka pale kando niliona kitu sijawahi kuona: wasio na mpira ndio walikuwa na kazi. Zablon alikuwa anakimbilia mahali hapana mtu, anangoja, haletewi, anarudi, anakimbia tena. Mara ishirini bure, na ya ishirini na moja anaenda kama ndiyo ya kwanza.

Dakika za mwisho, bado bila kwa bila. Zablon akaufukuza mpira mpaka mwisho wa uwanja, upande wangu, akauvuta, akaupiga katikati. Mwenzetu akautia ndani kwa kichwa. Goli! Walimu wakarukiana. Headmaster akarusha kofia juu.

Mimi nilikuwa nimeinua kibendera.

Mpira ulikuwa umevuka majivu kabla hajaupiga. Niliona. Sikuushusha mkono.

"Shusha hicho kitu!" Headmaster alinipigia kelele, akaniita majina yangu yote matatu. Nikajua kazi imeisha, narudi nyumbani.

Refa akaogopa pande zote mbili. Akamwita Zablon. "Mwalimu, mpira ulikuwa kwako. Ulitoka?"

Zablon aliniangalia, akawaangalia wenzake, akafuta jasho.

"Ulitoka," akasema. "Madam ameona sawa."

Ombogo alimbeba begani! Wavuvi wakamzungusha uwanja mzima kama yeye ndiye amewafungia. Mechi ikaisha bila kwa bila, na samaki tuliopewa siku hiyo, mpaka leo sijala wengine kama wale.

Kwenye lori walimu hawakutusemesha. Tulikaa sisi wawili nyuma kabisa. Nikamuuliza, "Umekasirika?"

"Sana! Nimekimbia siku nzima kutafuta huo mpira mmoja." Halafu akaanza kucheka. "Lakini leo umeona, nyar Homa Bay. Leo umeona!"

"Nimeona. Lakini mchezo bado ni mrefu mno."

Alicheka mpaka Headmaster akageuka kutukemea, na yeye pia akashindwa kujizuia.

Nilipoanzisha timu ya mbio ya wasichana, nani alijitolea kushika kamba ya mwisho? Zablon. Kila mwaka, mpaka alipopata transfer. Alipiga miayo waziwazi tangu filimbi ya kwanza, lakini hakukosa hata mara moja, na alimpigia makofi msichana wa mwisho kufika kuliko wa kwanza.

Mama Akinyi, pole sana, dada yangu. Kesho niko kwako.

Na wewe Mwalimu, sitakudanganya hata leo: mpira bado unanichosha. Wewe hukunichosha hata siku moja. Oriti, kwaheri, ndugu yangu. Ulale usingizi mtamu.