Anampa mbwa pole mara sitini kwa siku

Saa moja na robo asubuhi. Mwanamke wa makamo, amevaa buti za mpira na aproni ya turubai, amesimama mbele ya kibanda namba tisa. Anampa mbwa pole.

"Pole," anasema, na kipande cha ini lililochemshwa kinapita kwenye wavu. Mbwa anakipokea kwa ulimi. "Pole." Kipande kingine. "Pole sana, baba." Viwili kwa mpigo.

Mbwa hajafiwa wala haumwi. Ana kilo hamsini na nane, kichwa kama ndoo, na jina la Kabati, alilopewa siku ya kwanza alipolala mlangoni mwa ofisi na watu wakashindwa kutoka. Kwenye wavu wa kibanda chake imening'inia kadi nyekundu yenye neno moja: HASHIKIKI.

Kanuni za kituo hiki, kinachotunza mbwa waliotupwa, hazina mzaha. Mbwa mkubwa asiyeshikika hapewi familia, na asiyeweza kupewa familia hawezi kukaa hapa milele, maana vibanda ni ishirini na viwili na wanaosubiri nafasi hawaishi kuletwa. Daktari wa mifugo anakuja saa nne. Akiweza kumpima Kabati kwa mikono yake, kadi itaondolewa. Asipoweza, Kabati atachomwa sindano ya mwisho leo leo.

Mama Kamba, jina alilopewa kwa kuwa hajawahi kuonekana kazini bila kamba begani, anayajua hayo yote na hataki kuyazungumza. Anahesabu vipande.

"Sitini kwa siku, na leo ni siku ya kumi na moja," anasema. "Mume wangu analalamika. Anasema yeye mgongo unamuuma tangu tuoane na hajawahi kupata pole nyingi hivi."

Kazi yake ni kuwafundisha wafanyakazi wapya kushika mbwa wakubwa. Darasa lake halina dawati wala ubao. Mwanafunzi anapewa kamba siku ya kwanza, na mbwa siku ya pili. Yeye mwenyewe aliingia hapa miaka kumi na minne iliyopita kama mfuaji wa matandiko. Ameng'atwa mara nne, na kidole chake kimoja cha mkono wa kushoto hakikunjiki.

"Hiki si meno, hiki ni ujinga," anasema akikiinua. "Nilizungusha kamba mkononi, mbwa akaona paka. Ndiyo maana somo la kwanza ni hilo: kamba inashikwa kwa mikono miwili, haizungushwi."

Mwezi huu ana wanafunzi wawili: dada mmoja aliyekuwa mshonaji, na fundi seremala mwenye mwili wa kubeba mlango peke yake. Wiki mbili zilizopita alimwingiza fundi kwa Kabati, yeye akabaki nje ya wavu akitoa maelekezo. Mpe ubavu. Usimkazie macho. Acha akunuse. Kabati akanusa buti za fundi kwa utulivu, akakaa.

"Sasa mguse bega," Mama Kamba akasema. "Polepole, fundi. Polepole."

Kabati alisimama akanguruma, kisha akaruka.

"Mlango niliupita au niliuruka, mpaka leo sijui," anasimulia fundi. "Nilijikuta nje, kiatu kimoja kimebaki ndani." Mshonaji naye, kwa kuwa mwenzako akinyolewa wewe tia maji, alianza siku hiyo kuzunguka kwa nyuma ili asipite namba tisa.

Haikuwa mara ya kwanza. Kabati alikuwa mpole kwenye chakula, mpole kwenye matembezi, lakini mtu akimtuliza ili amguse, anageuka kuwa mnyama mwingine. Hakuna aliyejua kwa nini. Jioni ile msimamizi wa kituo alitundika kadi nyekundu na kutaja tarehe ya daktari.

Jibu lilipatikana Jumapili, jikoni kwa Mama Kamba. Mjukuu wake wa miaka miwili alijikwaa kwenye kizingiti, akaanguka, akainuka, akajifuta tumbo na kuendelea na safari zake.

"Pole, mume wangu!" bibi akamwambia.

Mtoto akasimama, akamtazama, kisha akaangua kilio cha nyumba nzima.

"Mama nawe!" binti yake akamlaumu. "Ungenyamaza wala asingelia. Ukimwambia pole ndiyo anajua kwamba ameumia."

Mama Kamba alibaki na mwiko mkononi mpaka ugali ukaanza kushika chini. Alikuwa amekumbuka jeraha, na ile "polepole" aliyomwambia fundi. Kabati aliletwa kituoni na waya uliozama shingoni. Kidonda kilisafishwa asubuhi na jioni kwa wiki tatu, na aliyekisafisha ni yeye. Kila mara, kabla ya kukigusa, alitanguliza neno lile lile ambalo mtu yeyote angelitanguliza.

"Nilikuwa najiona mwenye huruma, kumbe namfundisha," anasema. "Pole, maumivu. Pole, maumivu. Mara arobaini na mbili. Amelishika somo kuliko wanafunzi wangu wote. Wanasema mdomo huponza kichwa, lakini wangu ulikuwa unaponza kichwa cha mwenzangu. Nililia sana. Andika hivyo hivyo, sioni aibu."

Msimamizi alipendekeza neno hilo lipigwe marufuku kituoni. Mama Kamba alikataa.

"Tutawaziba midomo watu wangapi? Atakayemchukua ana mama mkwe, ana majirani. Mtu akimkanyaga mkia atasema nini, kama si pole? Wanaosema ni wengi, mbwa ni mmoja. Abadilike yeye."

Ndipo maini yakaanza kuchemshwa.

Saa nne na dakika tano daktari anaingia kwenye chumba cha matibabu, mkoba mkononi. Ana haraka. Hajaambiwa lolote kuhusu neno. Mama Kamba ameomba asiambiwe. Kabati analetwa, na kadi yake nyekundu inawekwa mezani. Kamba iko katika mikono miwili, magoti ya Mama Kamba yamekunjwa kidogo, bega limegeuzwa pembeni. Wanafunzi wanachungulia dirishani.

Daktari anatazama masikio, kisha meno. Anapapasa kovu la shingoni. Kabati anavumilia. Daktari anavuta dawa ya chanjo kwenye bomba la sindano, anainama, na kusema kama ambavyo angesema kwa yeyote.

"Pole, mzee."

Kabati anageuza kichwa ghafla. Mbwa anaingiza pua kwenye mfuko wa aproni, anasubiri. Sindano inaingia, inatoka. Anapata ini lake.

"Huyu mnasema hashikiki?" daktari anauliza, tayari ameishika ile kadi.

"Bado, daktari," anasema Mama Kamba. "Akishikika na mimi tu, hajashikika." Anageukia dirishani. "Fundi, njoo."

"Mimi, mama?"

"Kwani kuna seremala mwingine hapa?"

Anampa kamba mkononi na vipande vitatu vya ini, kisha anatoka na kuufunga mlango nyuma yake. Koridoni mikono yake haijui iende wapi. Anaulizwa kama Kabati akipona kadi atamchukua nyumbani kwake.

"Hapana," anasema. "Mbwa akinizoea mimi peke yangu, hiyo si kazi, hiyo ni kujipendekeza. Ninachotaka ni kwamba ifike siku nisipokuja kazini, asiwepo mbwa hata mmoja wa kugundua."

Ndani inasikika sauti nene ya fundi. "Pole, kaka. Pole. Hata mimi naogopa."

Mlango unafunguliwa. Daktari anatoka kwanza, kadi nyekundu imekunjwa mara mbili mfukoni mwake. Nyuma yake anafuata fundi, jasho tele usoni, kamba katika mikono miwili, na Kabati pembeni yake. Mbwa ananusa buti la Mama Kamba mara moja, anampita, na kuendelea na fundi kuelekea uwanjani bila kugeuka.

"Vizuri," anasema Mama Kamba.